Mafundi wenzangu, ukinunua drili ya kuchaji, ujue unanunua betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka juzi, na kwa kuwa kila wiki naulizwa hilohilo basi bora niliseme mara moja wote wasikie. Mimi ni seremala hapa Tanga mjini, karakana yangu ipo Ngamiani, natengeneza milango, vitanda, makabati ya jikoni, na siku hizi kazi nyingi ni za kwenda kufunga kwenye nyumba mpya huko Mwahako, Pongwe, Kange mpaka Chongoleani, nyumba ambazo nyingi umeme bado haujaingia. Huwezi kwenda kule na drili ya waya ukategemea jirani, kwanza jirani mwenyewe yuko mita mia mbili. Sasa vijana wakimaliza chuo cha ufundi cha VETA wanakuja kwangu kuzoea kazi na swali lao la kwanza ni moja, fundi, ninunue drili ya kuchaji ya kampuni gani? Nawaambia acha kuuliza drili kwanza, uliza betri. Wananiangalia tu. Ngoja nieleze nilipojifunzia.

Mwaka juzi kabla ya Ramadhani nilipata kazi ya milango minane ya mninga, fremu za mkongo, nyumba ya mama mmoja kule Mwahako, na yeye alishasema Idd anataka kulala kwake. Drili yangu ya zamani ilikuwa imekufa betri na zile betri zake mjini hazipatikani tena. Nikaingia duka moja (jina silitaji, na kampuni ya mashine pia siitaji kwa sababu ziko nyingi za aina ile na majina yanabadilika kila mwezi) nikaona seti kwenye kisanduku kizuri kigumu, drili moja, betri mbili, chaja, biti zimepangwa kama vijiko vya harusi, na ubavuni mwa betri imeandikwa kwa herufi kubwa 88V, 6.0Ah. Laki na arobaini. Muuzaji ananiambia hii fundi ina nguvu mara nne ya zile za 20. Na mimi nikaamini jamani, kwa sababu namba imeandikwa, na mtu mwenye haraka ya kazi anaamini kilichoandikwa.

Hesabu ya mlango ni hivi, bawaba tatu, kila bawaba ya inchi nne ina matundu manne kila upande, kwa hiyo skrubu 24 kwa mlango mmoja, na mkongo huwezi kuupiga skrubu hivihivi, lazima utoboe kwanza ndio skrubu iingie, la sivyo inakatika kichwa na mkia unabaki ndani. Mlango wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, nafika skrubu ya kumi hivi, drili inaanza kulia badala ya kuzunguka, unajua ule mlio kama mbu mkubwa, halafu taa inapepesa, kimya. Nikaweka betri ya pili. Ile haikumaliza hata mlango mmoja. Saa tisa alasiri nimesimama pale nimeshikilia mlango wa mninga kwa goti, hakuna umeme wa kuchajia, mama mwenye nyumba akaingia akaangalia akaniambia taratibu tu, fundi, si ulisema mpaka jioni utakuwa ushafunga minne? Sikuwa na jibu. Nikachukua bisibisi ya mkono, nikaendelea mpaka usiku kwa tochi ya simu na kiganja kikachunika. Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo, nachaji usiku nyumbani, asubuhi napata mlango mmoja na robo. Idd ikafika milango mitano tu imefungwa, na yule mama akahamia kwa sababu alishaaga alikokuwa amepanga, chumba chake cha kulala akaning'iniza kanga mbili mlangoni. Mpaka leo nikipita barabara ile naangalia upande mwingine.

Baada ya Idd nikaipeleka ile betri kwa kijana fundi simu hapa mtaani, mwanangu, hebu nifungulie hii nione kuna nini. Skrubu zake ni zile za nyota, akafungua, akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na seli tano, zile za duara zinazofanana na betri za tochi lakini nene kidogo, na pembeni kipande cha sponji kimegandishwa kujaza nafasi. Tano. Akaweka testa, betri imetoka kwenye chaji muda huohuo, ikasoma volti 20 na pointi kadhaa.

Hapa naomba mafundi wenzangu tuelewane maana ndio kiini cha barua yangu. Seli moja ya lithium ya mashine hizi ni volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Ukizipanga tano mfululizo unapata 18, na ikijaa inafika 21. Kwa hiyo drili iliyoandikwa 18V, iliyoandikwa 20V na iliyoandikwa 21V zote ni seli tano mfululizo, nguvu ya umeme ni ileile, tofauti ni mwandishi amepima wakati gani. Hata makampuni makubwa wanafanya hivyo, DeWalt kwa mfano Marekani wanaiandika 20V Max na Ulaya wanaiandika 18V, ni kitu kimoja, na angalau wao kwenye maandishi madogo wanakwambia. Lakini hiyo 88 haitoki popote. Ukitaka 88 ya kweli ungehitaji seli kama 24 mfululizo, betri ingekuwa kubwa kama tofali na ungeshindwa kuinua juu ya dari. Na zipo zilizoandikwa 48, 98, 128, na mara nyingi pembeni ya V wameweka herufi F ili wakibanwa waseme hatukusema volti. Kuna mafundi wanachagua kwa namba hiyo tu, mwenye 128 anamcheka mwenye 88, na wote wawili wameshika seli tano.

Na hiyo Ah pia. Ah ndio tanki, inakwambia utafanya kazi muda gani kabla haijaisha. Zile seli nyembamba zinazoitwa 18650 (upana milimita 18, urefu 65), hata iwe bora kiasi gani moja haizidi kama 3.5Ah, na nyingi za bei ya kawaida ni 1.5 mpaka 2. Kwa hiyo betri ya seli tano nyembamba haiwezi kuwa 6Ah, haiwezekani kabisa. Ukitaka 4Ah unaweka seli kumi, mistari miwili ya tano tano sambamba, au unatumia zile seli nene mpya za 21700. Ndio maana uzito hausemi uongo. Seli nyembamba moja ni gramu 45 na kitu, kumi ni karibu nusu kilo kabla hujaweka plastiki na saketi. Niliipeleka betri yangu ya 6Ah kwa mama anayeuza dagaa hapo karibu, ana mizani ya kidijitali, akanicheka lakini akanipimia, gramu 340. Tangu siku hiyo naingia dukani naomba nishike betri kwanza mkononi kabla sijaangalia hata rangi ya mashine, na kama imeandikwa 4Ah na kuendelea halafu ni nyepesi kama pakiti ya majani ya chai, nairudisha juu ya meza.

Haya, sasa kampuni gani. Naanza na maneno ya mtaani kwamba "ya Mchina" ni mbovu na "ya Mjapani" ni nzima. Mambo hayako hivyo tena. Makita ni Wajapani, walianza 1915 kule Nagoya kama karakana ya kuuza na kukarabati mota, drili yao ya kuchaji yenye betri ya nikeli ilitoka 1978 na lithium wakaanza 2005, lakini hao hao wana viwanda vyao China. Milwaukee jina ni la mji wa Marekani ila tangu 2005 mwenyewe ni kampuni ya Hong Kong. Kwa hiyo ukisoma imetengenezwa China hapo hujajua kitu bado. Cha kujua ni je, hii kampuni ina betri ya umbo moja ambayo watakuwa nayo mwaka wa tano na wa nane, na je hiyo betri naipata mjini Tanga bila kuagiza Dar?

Kwa seremala anayekula kwa mashine yake kila siku, mimi nasema Makita ya 18V kama mfuko unaruhusu. Ile betri yao ya 18 umbo limedumu miaka mingi sana, mashine nyingi za zamani zinakubali betri mpya, na mashine zinazoingia kwenye betri hiyo ni nyingi mno, drili, impact ya kukazia skrubu, grainda, jigso, randa, msumeno wa duara, mpaka tochi na redio. Angalizo, wana mstari mwingine wa 40V, betri zake haziingiliani na za 18, usije ukanunua mashine bila betri ukafika nyumbani haziingii. Bosch nayo, ile ya bluu ndiyo ya mafundi na ya kijani ni ya watu wa nyumbani, na betri ya bluu ya 18 haiingii kwenye ya kijani, watu wengi hawajui wananunua kwa kuwa jina ni lile lile. DeWalt ni mashine ya nguvu na mimi naipenda mkononi, tatizo kwa hapa kwetu Tanga ni betri yake kuipata dukani, unaweza kuzunguka siku nzima.

Kijana anayeanza, ambaye hela yake ni ya kuungaunga, namwambia chukua Total au Ingco za 20V na usione haya. Sisemi ni sawa na Makita, mota zake za bei ya chini bado zina kaboni, vile vipande vya ndani vinavyosuguana vikalika, na ukiipeleka kwenye mkongo siku nzima itapata joto, lakini maduka yake yapo, betri zinauzwa peke yake, chaja inauzwa peke yake, na namba iliyoandikwa ni 20, mtu anaweza kuielewa. Wakiwa nayo ya mota isiyo na kaboni, ongeza hela uchukue hiyo, inakula betri kidogo na huna cha kubadilisha kila baada ya miezi.

Kuhusu hizi betri za kuiga zinazoingia kwenye Makita, hapo ndipo penye hatari. Umbo la betri ya Makita limeigwa kuliko yote, na kuna ambazo zimebandikwa jina lenyewe kabisa. Betri ya kweli ina saketi inayoangalia joto na kuongea na chaja, ikiwa ya moto chaja inasubiri ipoe ndio ianze. Nyingi za kuiga hazina akili hiyo, zinajaza tu, seli moja ikichoka nyingine zinazidishiwa, na lithium ikizidishiwa inapata joto kali na inaweza kuwaka moto. Sisi karakana zetu zimejaa maranda na vanishi, wengine tunalala chumba cha nyuma. Mimi ile 88 nilikuwa naichaji usiku kando ya kitanda, watoto wamelala. Nikifikiria hilo moyo unaruka.

Jingine ni mashine za kutumiwa na ndugu. Shemeji yangu yuko Marekani, Mungu amlipe kheri, alituma seti nzuri sana kwa mdogo wangu, mpya, na ndani chaja. Kijana kwa furaha akachomeka, tukasikia pu, harufu, mwisho. Chaja za kule ni za volti 120 na huku ukutani ni 230. Angalia kibandiko nyuma ya chaja kabla hujachomeka, ukiona 120V peke yake usithubutu, tafuta chaja ya 230 ya kampuni hiyohiyo, na kwa bahati betri yenyewe inakubali. Tulikaa miezi miwili kuitafuta hiyo chaja. Mwenye ndugu nje amwambie mapema atume mashine na betri tu, au anunue chaja inayoandikwa 100 mpaka 240 kama kampuni hiyo inayo.

Mafundi wengi hapa nawaona wana drili ya kampuni hii, grainda ya kampuni ile, jigso ya tatu, chaja tatu na soketi moja, na betri zote nusu zimekufa. Hela hiyohiyo ukichagua familia moja ukanunua betri tatu nzuri, halafu mashine unaongeza moja moja bila betri kila ukipata kazi, baada ya mwaka una karakana inayotembea ndani ya begi. Betri nzuri peke yake inaweza kukaribia bei ya mashine tupu, ndio maana nasema unanunua betri. Na sio kila kitu kiwe cha kuchaji. Karakana yenye umeme, randa kubwa na msumeno wa meza viache viwe vya waya, na grainda ya kuchaji inamaliza betri kama mtoto na pipi, ikae kwa kazi ya site tu.

Betri pia itunzwe. Msimu huu wa kaskazi joto la hapa Tanga mnalijua, usiiache kwenye buti la bajaji juani, usiichaji ikiwa ya moto toka kazini, iache kivulini ipoe nusu saa. Kama huna kazi wiki kadhaa iweke na chaji nusu, si sifuri. Na sisi wa karibu na bahari ile chumvi inakula vile vibati vya kugusana, futa kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, drili nyingi zinazoitwa zimekufa zimepata kutu tu pale.

Nikienda dukani sasa hivi nauliza maswali mbele ya muuzaji bila aibu. Mnauza betri peke yake? Na chaja? Swichi na kaboni zikiisha nazipata wapi? Waranti mnaandika kwenye karatasi au ni ya mdomo? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mnatoa? Muuzaji mmoja aliniambia fundi wewe unauliza kama polisi, lakini mwingine alitoa betri tatu akaziweka mezani akaniambia pima, na huyo ndiye ninayenunua kwake mpaka leo.

Ombi langu kwa wenzetu wa TBS, shirika la viwango, na wale wa Tume ya Ushindani, kwa heshima kabisa. Sheria ya alama za bidhaa ipo tangu 1963 na inakataza kuandika maelezo ya uongo kwenye bidhaa. Ukaguzi wa nyaya, vyakula na vipodozi tunausikia kwenye taarifa, sasa tunaomba na betri za mashine. Hazihitaji maabara kubwa, zinahitaji bisibisi ya nyota, testa na mizani. Volti za kweli ziandikwe, idadi ya seli iandikwe, Ah ya kweli iandikwe, na iliyoandikwa 88 isipite bandarini. Fundi akinunua kwa hela yake ndogo kitu cha seli tano akijua ni seli tano, sawa, ameamua mwenyewe. Tunachoumia ni kuuziwa namba.

Ile betri bado ipo juu ya meza yangu ya kazi hapa Ngamiani, imefunguliwa, sponji na seli zake tano zinaonekana. Kila kijana wa VETA anayekuja naanza naye hapo kabla hajashika randa, na mhusika yeyote wa ofisi hizo akitaka kuiona anakaribishwa, mama wa dagaa na mizani yake yuko mlango wa tatu.

Wako,
Fundi seremala,
Ngamiani, Tanga